Nyumba Ndogo ya Mzazi na Mtoto: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Nyumba ikiwa ndogo, tayari ni rafiki wa mazingira.

Udogo hupunguza vifaa vya ujenzi, hilo halina ubishi, lakini kwa kila mita ya mraba ya sakafu joto hupata njia nyingi zaidi za kuingia na kutoka. Chukua nyumba yenye upana wa mita 3, urefu wa mita 6 na kimo cha mita 2.5: sakafu yake ni mita za mraba 18, ilhali kuta, paa na sakafu kwa pamoja ni mita za mraba 81, yaani mara nne na nusu. Nyumba ya mita 10 kwa 12 yenye kimo hicho hicho haifiki hata mara tatu. Kwa hiyo fedha iliyookolewa kwenye kuta yafaa irudi kwenye tabaka la kuzuia joto, kivuli cha paa na madirisha yanayofungika sawasawa. Anayenunua kontena kuukuu la chuma huiona hesabu hiyo kwa ukali zaidi, kwani chuma hupitisha joto upesi, na upana wa ndani wa takriban mita 2.35 hubaki mita 2.15 akishaweka sentimita 10 za kizuia joto kila upande.

Dhana: Mtoto alale juu, chini ya paa, mzazi abaki chini.

Hapa ndipo michoro mingi inapokosea. Wataalamu wa usalama wa watoto hushauri kwamba mtoto aliye chini ya miaka 6 asilale kitanda cha juu cha deka, na kilalio cha chini ya paa kwa kawaida kiko juu zaidi ya hapo. Isitoshe, hewa ya moto hupanda, hivyo ndiyo sehemu yenye joto kuliko zote, na ngazi ya wima haimfai anayeamka usiku wa manane akitafuta choo huku macho yamefumba nusu. Kumlaza mtoto chini na kumpandisha mzazi juu si suluhisho kamili pia: usiku wa homa utakuwa wa kushuka na kupanda ngazi hadi asubuhi. Ningewalaza wote chini, mtoto katika kishubaka, yaani kijisehemu cha kulala kilichoingia ukutani, chenye urefu wa mita 2 tangu mwanzo, kwa sababu wa miaka mitano mwenye kimo cha sentimita 110 hivi hatabaki hivyo, na mzazi kwenye kitanda cha kukunja ukutani.

Dhana: Pazia linatosha kuwatenganisha.

Pazia huzuia macho tu. Saa tatu usiku mtoto ameshalala, mzazi bado anaosha vyombo, na mlio wa sufuria pamoja na mwanga unaopita juu ya kitambaa vinaishia usoni pa mtoto. Mlango wa kuteleza unaofika darini hauli nafasi, na humpa kila mmoja saa zake.

Dhana: Ziba kila upenyo, nyumba itakaa vizuri.

Watu wawili waliolala usiku kucha hutoa takriban nusu lita ya maji kwa njia ya mvuke. Hewa isipobadilishwa, unyevu huo huishia kwenye kuta baridi na chini ya godoro, ambako kuvu huota bila kuonekana. Ndiyo maana chaga zenye nafasi hufaa kuliko ubao mzima. Madirisha mawili yanayotazamana husaidia, na feni ya kutoa hewa jikoni ni ya lazima.

Dhana: Sola na maji ya mvua vitamaliza kila kitu.

Birika la umeme la wati 2,000 likiwashwa dakika 5 hula umeme ambao ungewasha taa ya LED ya wati 9 kwa saa 18. Kuhusu maji, mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 20 huleta lita 200 kabla ya upotevu, ambazo watu wawili wanaotumia lita 50 kila mmoja kwa siku huzimaliza kwa siku mbili. Tangi basi lazima liwe kubwa, na kwa kuwa lita 1,000 zina uzito wa tani nzima, lijengewe msingi wake kando, lisiegemezwe kwenye nyumba.