Petrodola haina tarehe ya kuisha

Petrodola ni dola za Marekani ambazo nchi imezipata kwa kuuza mafuta. Basi, hakuna zaidi. Neno lilivuma bei ya mafuta ilipopanda karibu mara nne kati ya mwishoni mwa 1973 na mwanzoni mwa 1974, Saudi Arabia na jirani zake wakajikuta na fedha zinazozidi uwezo wao wa kuzitumia.

Ila tangu Juni 2024 kuna watu hawachoki kutangaza kwamba "mkataba wa petrodola" wa miaka 50, wa kuuza mafuta ya Saudia kwa dola tu, umekwisha, Wasaudia wamegoma kuuongeza, dola inakata roho. Mkataba huo haukuwepo. Tarehe 8 Juni 1974 Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Henry Kissinger, na Mwanamfalme Fahd wa Saudi Arabia walitia saini kuunda tume ya ushirikiano wa kiuchumi: viwanda, kilimo, mafunzo ya wataalamu. Hakuna aliyefungwa humo kuuza mafuta kwa dola tu, na mwaka huohuo Wasaudia walikuwa bado wakipokea pauni za Uingereza kwa sehemu ya mafuta yao. La siri lilikuja mwezi uliofuata, Waziri wa Fedha wa Marekani, William Simon, alipokwenda Jeddah. Wasaudia wakakubali kununua hati fungani za serikali ya Marekani kimyakimya, na undani wake ukachapishwa 2016 tu.

Kinachochanganywa hapa ni mambo matatu: sarafu ya kutajia bei, sarafu ya kulipia na sarafu ya kuwekea akiba. China inapambania hilo la pili. Rais wake, Xi Jinping, alipokuwa Riyadh Desemba 2022 aliwaambia viongozi wa Ghuba kwamba soko la mafuta na gesi la Shanghai litumike kuyalipia kwa yuan, sarafu ya China. Novemba 2023 benki kuu za China na Saudia zikakubaliana kubadilishana sarafu hadi yuan bilioni 50. Si jambo dogo, kwa kuwa China ndiye mteja mkubwa wa mafuta ya Saudia. Lakini riyali, sarafu ya Saudia, imefungwa kwenye dola, 3.75 kwa dola moja, tangu 1986, na benki kuu haiwezi kuilinda bei hiyo bila dola ghalani.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayesambaza habari ya mkataba uliokufa, andika kwamba China inatafuta kulipia mafuta ya Waarabu kwa yuan. Hilo ni kweli, na linatosha kuwa habari.