Kuichora Kilwa ya mwaka 1331

Nachora historia ya pwani yetu kwa ajili ya mabango ya makumbusho, vitabu vya shule na vijitabu vya wageni wanaozuru magofu. Mwanahistoria akiandika kwamba Kilwa ilikuwa mji tajiri, amemaliza. Mimi hapo ndipo naanza kubanwa: mlango ulikuwa na upana gani, paa liliezekwa kwa nini, nani amebeba jiwe na nani ameketi barazani? Mtoto akishaiona picha, maelezo yaliyo chini yake atayasahau, lakini picha haimtoki. Kwa hiyo huanza na yale ambayo ushahidi haunipi nafasi ya kuchagua.

Boriti, kwa mfano. Nyumba za mawe za Waswahili zilikuwa na dari bapa: boriti za mikoko zililazwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, juu yake yakapangwa mawe ya matumbawe na kumwagiwa chokaa. Boriti iliyonyooka na yenye nguvu ya kubeba mzigo huo haizidi sana mita 3, na ncha zake zote mbili zinazama ukutani. Chumba kinaweza kuwa kirefu utakavyo, lakini upana wake unakomea karibu mita 2 na nusu. Nenda kwenye magofu ya Songo Mnara au Gede ukapime. Ndiyo maana sikubaliani na picha zinazomwonyesha sultani katikati ya ukumbi mpana usio na nguzo hata moja. Aliyetaka upana alilazimika kujenga nguzo na kuba, kama ulivyopanuliwa Msikiti Mkuu wa Kilwa katika karne ya 14, au kutoka nje. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililo kwenye jabali juu ya bahari, lina nyua zilizo wazi, ngazi na birika la pembe nane. Nikitaka umati, nauweka uani.

Shahidi wangu mkubwa ni Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331 wakati wa sultani huyohuyo. Aliusifu mji kwa uzuri na kwa ujenzi wake, kisha akasema nyumba zake ni za miti na mapaa yake ni ya majani. Leo mgeni akishuka kisiwani anaona mawe matupu, kwa kuwa mawe ndiyo yaliyosalia. Miti, udongo na makuti viliisha zamani. Wakazi wengi waliishi katika nyumba za udongo, na za mawe zilikuwa za wachache. Basi mji wangu umejaa mapaa ya makuti, na msikiti na nyumba za mawe zinachomoza katikati yake. Mhariri mmoja aliniomba niyapunguze, akihofia mji utaonekana duni. Nilikataa. Mtu aliyekwisha kuiona Cairo, Damascus na Makkah aliusifu mji huu ukiwa na makuti yake.

Kuna mengine ni ya kufuta tu. Mikorosho, mipapai, mihogo na mahindi asili yake ni Amerika, na Wareno walikuwa bado hawajafika. Mikarafuu ni ya karne ya 19. Milango ya nakshi tunayoijua ya Unguja na Lamu ni ya baadaye sana. Inabaki minazi, mibuyu, mtama, mpunga na pamba. Pamba naipenda, kwa sababu wachimbaji walikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, vya kusokotea uzi. Hapo napata kazi ya kumpa mtu mkononi bila kubuni.

Bandarini napo watu wamezoea kuona jahazi lenye tanga la pembe tatu. Mimi naweka mtepe: mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, na tanga ni la mraba, limesukwa kama mkeka. Mitepe ilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20, lakini mifano midogo imehifadhiwa, na kuna jambo zuri zaidi: kwenye lipu ya kuta za magofu kadhaa ya pwani, Kilwa ikiwemo, watu wa kale walikwaruza picha za vyombo vya baharini. Ni mistari michache tu, mlingoti, kamba, omo (sehemu ya mbele ya chombo) iliyoinuka, lakini mkono uliochora uliijua bahari. Hao ndio wachoraji wenzangu wa kwanza katika eneo hili, na nawafuata kuliko mtu yeyote.

Linalonigusa kuliko yote ni watu. Picha nyingi za zamani zilimweka mgeni mwenye kilemba akinyoosha kidole, na Mwafrika akibeba mzigo, kana kwamba mji uliletwa na meli. Huko Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, chini ya msikiti wa mawe wachimbaji walikuta misikiti midogo ya miti, wa kwanza wa mwishoni mwa karne ya 8, ndani ya makazi yaliyotumia vyungu vya kienyeji. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000: upande wa mama hasa wa Kiafrika, upande wa baba kwa sehemu kubwa wa Kiajemi. Na Ibn Battuta anasema wengi wa wakazi wa Kilwa walikuwa weusi sana, wenye chale usoni. Kwa hiyo fundi mwashi, mfanyabiashara na mwalimu wa madrasa kwenye mchoro wangu wana chale hizo, na ndani ya familia moja rangi za ngozi hazilingani.

Mandhari ninayoifanyia kazi sasa inatoka kwa msafiri huyohuyo. Ijumaa, sultani akitoka msikitini, fakiri kutoka Yemen anamwomba nguo alizovaa. Sultani anarudi ndani, anavaa nyingine, anampa zile. Baadaye mwanawe anazichukua na kumlipa fakiri watumwa 10. Sultani anaongeza 10 wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kwenye vijitabu kisa hiki husimuliwa kama sifa ya ukarimu, na watu hao 20 huachwa nje. Katika mchoro wangu wamo, mbele, kwa ukubwa uleule wa sultani, kila mmoja na uso wake.