Fedha za umma kwa kiwewe cha utotoni: maana yake

Kiwewe cha utotoni ni jeraha la nafsi analobaki nalo mtoto aliyepigwa, aliyebakwa, aliyefiwa na wazazi au aliyekimbizwa na mafuriko. Mwingine hunyamaza ghafla, mwingine hukojoa kitandani akiwa na miaka 10, mwingine hutoroka shule na kuitwa mtukutu. Si wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 nchini Tanzania ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Fedha za umma kwa kiwewe ni sehemu ya kodi, ushuru na ruzuku inayotengwa ili mtoto wa namna hiyo agundulike mapema, atibiwe na afuatiliwe mpaka apate nafuu. Sehemu kubwa yake ni watu na safari: mshahara wa afisa ustawi wa jamii, mafuta ya pikipiki ya kumfikisha vijijini huko Liwale au Nanyumbu, wilaya za kusini mwa nchi, si mara moja bali tena na tena. Zimo pia gharama za Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, na za vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako mtoto huonwa na daktari, polisi na mshauri mahali pamoja bila kuzungushwa.

Fedha hizo hutoka Serikali Kuu au kwenye mapato ya ndani ya halmashauri. Kwetu Kusini, mapato ya ndani ni korosho kwa kiasi kikubwa, kupitia ushuru wa mazao wa asilimia 3. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, ilhali minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba. Kazi inayotegemea ushuru huo peke yake hukaa miezi ya mwanzo ikisubiri, na mtoto aliyeumizwa Agosti hana muda wa kusubiri mnada.

Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza 2017/18, uliweka kamati mpaka ngazi ya kijiji. Lakini kamati isiyo na kasma, yaani fungu lake kwenye bajeti, haina nauli ya kumfuata mtoto. Darasa jipya huzinduliwa na kupigwa picha. Ziara ya tano kwa mtoto anayeota ndoto mbaya haionekani na mtu, na naamini ndiyo maana mapato yakishuka ni rahisi kuikata.

Kuna kiasi kilichotengwa na kuna kiasi kilichotolewa. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, au kwa diwani wako kabla Baraza la Madiwani halijapitisha bajeti, ulizia vyote viwili kwa kasma ya ustawi wa jamii. Na kama kuna mtoto anayeumizwa sasa hivi, usingoje kikao: piga 116, simu ya bure.