Vimeng'enya vya pektini si vya kuozesha tu

Msimu wa karafuu Pemba, watu wakikaa kuchambua jioni, haikosi kuonekana karafuu iliyochelewa kuchumwa: kile kikofia cha juu kimedondoka na nyuzi zimetoka nje. Mtu ataitupa pembeni aseme, "Hii ishaanza kuoza." Bei imeshuka, hilo kweli. Kuoza, hapana. Karafuu ni kitumba cha ua, na kikofia ni petali zilizoshikana. Ua limefunguka, basi.

Neno "kuoza" ndilo linalotupotosha. Kati ya seli na seli mmea huweka pektini, gundi ya minyororo mirefu ya asidi ya sukari. Jani linapodondoka, au embe linapoachia kikonyo chake, seli za mahali hapo pa kuachania hutoa vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi za kikemia, vya kuikata gundi hiyo. Hakuna bakteria aliyeitwa. Mmea umejikata wenyewe, pale ulipopanga. Kauli nyingine za kupotosha ziko nyingi; tuzipitie moja moja.

"Ukuta wa seli ukishajengwa umekwisha."

Wengi wetu tulifundishwa hivyo: seli ya mmea ina ukuta mgumu, ya mnyama haina, funga daftari. Tukabaki na picha ya nyumba ya mawe na chokaa ya Mji Mkongwe. Lakini ukuta wa seli changa hujengwa upya huku mwenyewe yumo ndani, tena anasukuma. Maji ndani ya seli husukuma kwa shinikizo ambalo mara nyingi linapita la tairi la gari. Ukuta usipolegea, seli haikui. Ukilegea ovyo, inapasuka. Kwenye ukuta mchanga wa mimea kama mchicha au mnyanya, pektini ni kama theluthi moja. Mpunga na nyasi nyingine zina kidogo zaidi.

"Kazi ya vimeng'enya hivi ni kulainisha."

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo hata waliosoma baiolojia hujikwaa. Pektini hutoka kiwandani mwa seli ikiwa imefunikwa vikundi vidogo vya atomi viitwavyo methili. Kimeng'enya kimoja, pektini methilesterasi, huvivua. Kikivivua kwa mfululizo, sehemu zilizobaki wazi hukamatana na kalsiamu, mnyororo ukajifunga kwa mwenzake, ukuta ukakaza. Kikivivua hapa kimoja pale kimoja, huwafungulia njia wakataji kama poligalakturonesi, na ukuta hulegea. Fundi ni huyohuyo, kazi mbili zinazopingana.

Umbo la mmea linatokana kwa sehemu na mvutano huo. Watafiti waliuchunguza kwenye Arabidopsis, kimmea kidogo cha jamii ya kabichi. Walipokizuia kimeng'enya cha kuvua methili, ncha ya shina ilibaki kipara, bila vinundu vya kuwa maua. Walipokizidisha, vinundu vilichomoza hata pasipo pao. Mwaka 2014 ikaelezwa poligalakturonesi moja, PGX1: ikizidishwa, mmea hutanua majani. Cha ajabu, ikizidi au ikikosekana, baadhi ya maua hutoa petali zaidi ya 4 za kawaida. Mimi jambo hili lilinifanya niache kuviita "viharibifu".

Hata chavua inavihitaji. Chembe zake huzaliwa nnenne zimegandana, na mmea wenye kasoro kwenye vimeng'enya hivi huzitoa hivyohivyo, hazijaachana.

"Kinacholainisha nyama ndicho kinacholainisha papai."

Mpishi akitia utomvu au vipande vya papai bichi kwenye nyama, anatumia papaini, na papaini hukata protini. Papai lenyewe hulainika kwa vimeng'enya vya ukuta wa seli, vikiwemo vya pektini. Na ndizi unazozivumbika? Si joto peke yake. Tunda lenyewe hutoa gesi ya ethilini, ukilifunika gesi haipotei, na gesi hiyo ndiyo inayoviamsha vimeng'enya.

"Zima kimeng'enya kimoja, tunda halitalainika."

Marekani walijaribu. Nyanya ya Flavr Savr, iliyoingia sokoni 1994, ilipunguziwa poligalakturonesi. Kulainika kulipungua kidogo tu, si kama walivyotarajia, na biashara haikudumu. Mwaka 2016 watafiti wengine walizima kimeng'enya tofauti cha kukata pektini, pektati liyasi, nyanya zikabaki ngumu zaidi huku rangi ikiiva. Tunda lina mafundi wengi, na hawalingani.

"Makumbi hulainishwa na chumvi ya bahari."

Hii ya kwetu kabisa. Kina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja hufukia makumbi ya nazi kwenye tope la bahari kwa miezi, kisha huyafukua na kuyaponda. Hapa bakteria wamo kweli: wadudu wadogo wa topeni hula pektini na vitu vingine vinavyozigandisha nyuzi, kwa vimeng'enya vya aina ileile tuliyoisema. Tena anayedhani makumbi mazima yameoza amsikilize anayesokota kamba. Nyuzi zenyewe zimejaa lignini, kile kitu kigumu cha kwenye mbao, ambacho bakteria hao hawakiwezi kwa urahisi. Gundi imeliwa, na usumba umebaki wa kutengenezea kamba.