Baridi kali haimaanishi theluji nyingi

Dhoruba ya theluji ikianza kunukia mlimani, wapenzi wa hali ya hewa utawakuta wamekodolea macho kipimajoto, kikishuka mpaka nyuzi -20 za Selsiasi wanashangilia eti sasa itamwagika kweli. Jamani hapana. Baridi peke yake haileti theluji, kinachotakiwa ni unyevu, na hewa ya baridi sana inabeba mvuke kidogo mno, yaani kila nyuzi 1 ikishuka uwezo wake unapungua kama asilimia 7 hivi. Ndo maana Ncha ya Kusini, pamoja na baridi yote ile ya kufa mtu, inapata theluji kiduchu kwa mwaka, ni jangwa lile! Halafu cheki mlima wa Mount Baker, jimbo la Washington kule Marekani, msimu wa 1998-99 theluji ilianguka karibu mita 29, na pale wala si baridi ya kutisha, ila bahari ya Pasifiki haiko mbali, upepo unasukuma hewa yenye maji mpaka mlimani, inalazimika kupanda, ikipanda inapoa, mvuke unaganda.

Wengine nao wanadai baridi ikizidi theluji haianguki kabisa. Inaanguka, ila kidogo.

Kwa hiyo angalia kwanza upepo unatoka wapi. Na joto la maana ni la mawinguni, karibu na -15 ndo zile chembe za theluji zenye matawi sita zinakua fasta, huku chini hata 0 inatosha tu, ingawa itakuwa nzito ya majimaji, wenye koleo poleni.