Kompyuta ya kuhariri video nyumbani: yanayosemwa mitaani Mbeya na yaliyo kweli

Watu wakishauza mpunga wa Mbarali na kahawa ya Mbozi, harusi zinafuatana kila Jumamosi, na vijana wa kupiga video wanaanza kutafuta kompyuta. Wengi wananipigia wakiwa tayari dukani: "Kaka, hii hapa ina kadi kubwa, nichukue?" Namrudisha nyuma kidogo. Kamera yako inarekodi faili ya aina gani? Jibu la swali hilo ndilo linalochagua kompyuta, na fedha nyingi ninazoona zikipotea hapa Mbeya zinapotea kwa sababu halikuulizwa mapema.

"Kadi ya picha ikiwa kubwa, umemaliza"

Dhana hii ndiyo inayowagharimu watu kuliko zote. Kadi ya picha, yaani kadi ya grafiksi (GPU), ina kazi yake: kusahihisha rangi, kuondoa chengachenga kwenye picha zilizopigwa ukumbini taa zikiwa hafifu. Kati ya programu za kuhariri, DaVinci Resolve inaitegemea sana, wakati Premiere Pro inaegemea zaidi kwenye prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta. Lakini video inapokwamakwama ukiwa unakata vipande, mara nyingi shida iko kwenye kuifungua faili yenyewe. Faili za H.264 na H.265 zimebanwa. Fremu nyingi hazikuhifadhiwa nzima. Kilichohifadhiwa ni tofauti kati yake na fremu za jirani. Ukitaka kuona fremu moja, kompyuta inalazimika kwanza kuzijenga nyingine kadhaa.

Kazi hiyo ya kufungua ina sehemu yake maalumu ndani ya chipu. Kwa Intel inaitwa Quick Sync, nayo inakaa kwenye grafiksi iliyomo ndani ya prosesa. Sasa tazama herufi ya mwisho kwenye jina: i5-12400 inayo, i5-12400F haina, maana F ni alama kwamba grafiksi ya ndani haipo. Mtu anapunguziwa bei kidogo, anaondoka amefurahi.

Kwa faili za kawaida za biti 8, kadi ya Nvidia itaziba pengo hilo na hutaona tofauti kubwa. Kwa H.265 ya biti 10 ya 4:2:2, yenye taarifa nyingi zaidi za rangi, ile inayotoka kwenye Canon R6 ukirekodi kwa Log (picha iliyofifia makusudi ili uisahihishe rangi baadaye), mambo yanageuka. Kadi za Nvidia zilizotangulia mfululizo wa RTX 50 ulioanza kuuzwa 2025 haziifungui. Prosesa ya Intel ya kizazi cha 12 yenye grafiksi yake inaifungua vizuri. Kijana mmoja wa Uyole aliniletea mashine ya F yenye kadi ya bei kubwa, sendofu nzima imegoma kucheza. Tulitengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kukatia, usiku kucha, akamaliza kazi. Baadaye tulibadilisha prosesa tu, kadi ikabaki ileile.

"Xeon ya mtumba ina kore nyingi, inashinda i5 mpya"

Zile kompyuta nzito za maofisi zinazoingia zikiwa zimetumika zimejengwa imara, sikatai. Ila Xeon E5, prosesa za Intel za mwaka 2014 hivi zilizomo ndani yake, hazina grafiksi ya ndani, na kore zake (vitengo vya prosesa vinavyogawana kazi) moja moja ni za polepole kwa kipimo cha leo. Faida ya kore nyingi utaiona wakati wa kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika. Ukiwa unakata, ambako ndiko saa zako nyingi zinakoishia, itakuchosha.

"Nunua SSD yenye kasi kuliko zote"

Tupige hesabu. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inatoa megabaiti 12.5 kwa sekunde, maana baiti moja ni biti nane. SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya kawaida, ile ya kuunganishwa kwa SATA, inasoma megabaiti 500 na ushee. Kwa hiyo hata ukiwa na kamera tatu ukumbini, ile ya SATA inatosha na kubaki. Hard disk, ile ya sahani inayozunguka, ndiyo inayopata taabu, kwa sababu kichwa chake kinarukaruka kati ya faili za kamera moja na nyingine.

Kinachokukaba ni nafasi. Megabaiti 12.5 kwa sekunde ni GB 45 kwa saa. Kamera mbili, shughuli ya saa sita, ni GB 540. Kwa hiyo chukua SSD ya wastani kwa kazi inayoendelea, na hard disk kubwa ya kuhifadhia zilizokwisha.

RAM, kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, haina mjadala mrefu: GB 16 kwa HD, GB 32 kwa 4K, tena vipande viwili badala ya kimoja.

"Mbeya ni baridi, mashine haiwezi kupata joto"

Juni na Julai ubaridi unasaidia kweli. Lakini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na hewa nyepesi inaondoa joto pungufu feni inapoisukuma. Ongeza vumbi la kiangazi linaloziba mapezi ya kupozea. Prosesa ikizidiwa na joto inajipunguza kasi yenyewe, na wewe unadhani imechakaa. Fungua kesi, safisha kwa brashi laini kila miezi michache.

"Stabilaiza inatosha"

Stabilaiza inanyoosha umeme unaopanda na kushuka. Umeme ukikatika, nayo inazima, na kama ulikuwa unaandika kwenye diski, faili inaweza kuharibika. UPS, yenye betri yake, inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Na masika radi zikianza kuunguruma, chomoa waya ukutani, usitegemee kifaa chochote.

Hata ukiwa na hivyo vyote, diski hufa. Hakuna bibi harusi atakayevaa shela mara ya pili ili urekodi upya. Mimi sifuti kadi ya kamera mpaka video iwe kwenye diski mbili, na ile ya pili hailali nyumbani kwangu. Inakaa kwa dada yangu Ilomba, kabatini, imefungwa kwenye kitenge.