Krioli si chotara

Krioli, katika Mauritius ya leo, ni mtu wa uzao wa watumwa waliotolewa Afrika na Madagaska. Tena Kikrioli ni lugha inayozungumzwa karibu kisiwa kizima, wenye asili ya India na China wakiwemo. Kinachokera ni kulitafsiri neno hili kila mara kuwa "chotara", kana kwamba linahesabu damu za wazazi.

Halihesabu. Limetokana na crioulo la Kireno, na mzizi wake ni criar, yaani kulea. Krioli alikuwa aliyezaliwa na kulelewa koloni, tofauti na aliyeshuka melini. Madaftari ya watumwa ya Mauritius yaliwagawa hivyo hivyo: huyu wa Msumbiji, huyu Mmalagasi, huyu Mhindi, huyu Krioli. Baba na mama waweza kuwa Wamakua wa Msumbiji wote wawili, walioletwa na meli moja. Mtoto wao akizaliwa Port Louis, mji mkuu wa Mauritius, ni Krioli, na hakuna damu iliyochanganyika hapo.

Kiswahili kina neno lake kabisa: mzalia. Pwani ilimtofautisha mtumwa mzalia, aliyezaliwa nyumbani mwa bwana wake akakua na lugha na dini ya mji, na mjinga, aliyeletwa juzi kutoka bara. Na pwani hii imo katika habari yenyewe: mwaka 1776 Morice, mfanyabiashara Mfaransa aliyepeleka watumwa Mauritius, aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Chotara na suriama ni maneno ya jambo jingine, la nani kazaa na nani.

Mkanganyiko huenda una chanzo hiki. Utumwa ulifutwa Mauritius tarehe 1 Februari 1835, na mashamba ya miwa yakajazwa vibarua wa mkataba kutoka India. Katiba ya 1968 ikataja Wahindu, Waislamu na Wachina. Waliobaki wote, Wakrioli pamoja na weupe wenye asili ya Ufaransa, wakawekwa fungu moja la "watu wa jumla". Fungu la mchanganyiko likadhaniwa ni mtu wa mchanganyiko. Ng'ambo kidogo tu, kisiwani Réunion, hata mweupe mzaliwa wa kisiwa huitwa Krioli.

Basi ukitafsiri habari za Mauritius ya leo, liache Krioli lilivyo. Kwenye daftari la utumwa, andika mzalia. Chotara lisubiri mpaka maandishi yenyewe yataje wazazi wa asili mbili.